Daftari la mlinzi wa barua pepe

 

Binamu yangu wa Tanga kaniandikia wiki iliyopita akiuliza: hivi wewe huko Uingereza unafanya kazi gani hasa, maana Mama Mkubwa anawaambia watu kwamba unachunga barua za wazungu. Nilicheka peke yangu ndani ya basi. Lakini Mama Mkubwa hajakosea sana. Natunza seva za barua pepe za ofisi ndogo ndogo ambazo haziwezi kuajiri fundi wao. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo si kuchunga barua zenyewe, ni kusoma daftari la yule anayezichunga. Leo nawasimulia historia ya daftari hilo, maana ina wizi, ina kesi mahakamani, na ina Kiswahili ndani yake. Si utani.

Tuanze hivi. Kati ya dunia na sanduku lako la barua pepe kuna kichujio, yaani programu inayopokea kila barua, inaipekua, kisha inaamua ipite, iwekwe pembeni, au irudishwe ilikotoka. Mfikirieni mlinzi wa getini kwenye ofisi yoyote ya serikali pale nyumbani. Ana daftari: jina, unatoka wapi, unakwenda kumwona nani, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Daftari la seva sisi tunaliita logi. Sasa mlinzi unaweza kumwagiza aandike kidogo au aandike mno. Akiandika kidogo, siku mgeni akipotea hujui pa kuanzia. Akiandika mno, mpaka rangi ya soksi za mgeni na kila alichokuwa anawaza yeye mwenyewe wakati anamkagua, hiyo tunaiita dibagi, na daftari litajaa kabla ya saa sita mchana. Ufundi wote wa kazi yangu uko katikati hapo, na watu wamekuwa wakiutafuta mstari huo kwa zaidi ya miaka 40.

Mambo yalianzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwishoni mwa miaka ya 1970. Alikuwepo kijana anaitwa Eric Allman, akifanya kazi kwenye mradi wa hifadhidata ulioitwa INGRES. Mashine ya mradi huo ilikuwa imeunganishwa na ARPANET, ule mtandao wa wizara ya ulinzi ya Marekani uliokuja kuzaa intaneti. Njia ilikuwa nyembamba, na watu wa chuoni wote wakawa wanabisha hodi wapewe nafasi kwenye mashine hiyo. Allman alipochunguza akaona kwamba wengi hawataki mashine, wanataka barua tu. Kwa hiyo badala ya kugawa nafasi akaandika programu ya kupitisha barua kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, akaiita delivermail. Hiyo ilikuwa 1979. Baadaye akaiandika upya ikawa Sendmail, iliyotoka mwaka 1983 pamoja na mfumo wa 4.2BSD. Kwa miaka mingi barua nyingi sana za intaneti zilipita mikononi mwa Sendmail, zikiwemo bila shaka zile za kwanza mlizotuma kwa shilingi mia tano kwa nusu saa, huku mwenye kafe amesimama nyuma yenu akitazama saa.

Zama zile kila mtandao ulikuwa na namna yake ya kuandika anwani. Wengine walitumia alama ya @, wengine waliunganisha majina ya mashine kwa alama za mshangao, moja baada ya nyingine, kama mtu anayekuelekeza nyumbani kwake: pita msikitini, kata kulia kwa fundi baiskeli, uliza kwa Mama Asha. Sendmail ilipaswa kuzielewa zote, na ili izielewe ilibidi faili lake la mipangilio liwe gumu kupindukia. Mimi niliwahi kulisoma la zamani, na nakwambieni linafanana na kuku aliyekanyaga wino kisha akatembea juu ya karatasi. Barua zilipotea, na aliyetaka kujua zimepotelea wapi alihitaji kitu cha kusoma.

Hapo ndipo Allman alipotengeneza syslog, kama sehemu ndogo tu ya mradi wa Sendmail. Wazo lake lilikuwa rahisi. Badala ya kila programu kuwa na daftari lake lililofichwa mahali pake, zote zipeleke taarifa kwa karani mmoja, na kila taarifa iwe na namba mbili: imetoka idara gani, na ni ya haraka kiasi gani. Uharaka una ngazi nane, kuanzia 0 ambayo ni nyumba inaungua, mpaka 7 ambayo ndiyo dibagi yenyewe, yaani soga za mafundi. Idara nazo zina namba. Kiini cha mfumo ni 0. Watumiaji wa kawaida ni 1. Na 2? Ni barua. Si usalama, si mtandao, si uchapishaji: barua. Ukijua nani aliandika daftari hutashangaa. Mwenye posta ndiye aliyechapisha kitabu cha wageni, akajipa ukurasa wa mbele.

Namba hizo mbili zinaunganishwa kwa hesabu ya darasa la tatu: namba ya idara mara nane, ongeza ngazi. Barua ni 2, mara nane ni 16. Taarifa ya kawaida ni ngazi ya 6, kwa hiyo taarifa ya kawaida ya barua ni 22. Dibagi ni ngazi ya 7, kwa hiyo dibagi ya barua ni 23. Karani anaiangalia namba hiyo na kuamua aiandike kwenye daftari lipi, au aitupe. Hesabu hii bado iko vilevile leo. Syslog ilienea kwenye mashine za kila aina, ruta, mashine za kuchapisha, mpaka simu za ofisini, na kwa karibu miaka 20 hakuna aliyekaa chini kuandika rasmi jinsi inavyofanya kazi. Waraka wa kwanza wa kuieleza ulitoka Agosti 2001, nao ulikuwa unaeleza tu yale ambayo watu walikuwa wanayafanya tayari. Kiwango chenyewe hasa kilikuja Machi 2009.

Ilikuwa na kasoro zake. Taarifa zilizokwenda kwa karani wa mashine nyingine zilirushwa kwa UDP, yaani kama kupiga kelele kupitia dirishani: akisikia amesikia, asiposikia shauri yake. Kasoro ya pili nitairudia mbele kidogo kwa sababu ilishawahi kutusumbua. Tarehe ya mtindo wa zamani wa syslog inaandika mwezi, siku na saa, basi. Mwaka hakuna. Wala haisemi saa hiyo ni ya nchi gani.

Haya, sasa wizi niliowaahidi.

Nimesema faili la Sendmail lilikuwa gumu. Waliokuwa wanaijaribu walihitaji kuona ndani ya programu inapofanya kazi, kwa hiyo wakawekewa amri inayoitwa DEBUG. Fundi akiunganisha na seva kupitia mlango namba 25, ule unaopokea barua, akaandika neno hilo moja, Sendmail iliingia katika hali ya uchunguzi. Na katika hali hiyo iliruhusu kitu ambacho kwa kawaida hairuhusu: mpokeaji wa barua angeweza kuwa si mtu bali amri ya kuendeshwa na mashine. Kwa fundi ilikuwa rahisi sana. Anajipima mwenyewe bila kutuma barua halisi. Tatizo ni kwamba programu iliyosambazwa na Berkeley, na na baadhi ya wauzaji wa mashine, ilitoka na hali hiyo imeachwa wazi, na wenye mashine wengi wakaiacha hivyo hivyo kwa sababu kupanga Sendmail bila msaada wake kulikuwa kazi ya kukesha.

Usiku wa tarehe 2 Novemba 1988, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Tappan Morris, aliachia programu aliyoiandika mwenyewe. Hakuiachilia kutoka Cornell, aliianzishia kwenye mashine ya MIT. Programu ile ilikuwa mnyoo: ikiingia kwenye mashine moja inatafuta nyingine na kujizalisha huko. Ilikuwa na njia kadhaa za kuingia. Ilibahatisha nywila, ilitumia udhaifu wa programu iitwayo finger, na ilitumia DEBUG ya Sendmail. Yaani iligonga mlango namba 25 kama mtu mwenye barua, ikasema DEBUG, halafu kwenye nafasi ya mpokeaji ikaandika amri ya kukata vichwa vya barua na kuukabidhi mwili wake kwa mashine uendeshwe. Ndani ya mwili ule palikuwa na kiprogramu kidogo cha lugha ya C, ambacho kilikwenda kumwita mnyoo wenyewe. Mlinzi, kwa sababu fundi alimwambia zamani kwamba mtu akitamka neno lile ni mwenzetu, akafungua geti na kushika mkoba.

Mnyoo haukufuta mafaili ya mtu. Ulichofanya ni kujizalisha mno kwenye mashine ileile mpaka mashine zikachoka na kusimama. Makadirio yaliyozoeleka ni mashine kama 6,000, wakati intaneti nzima ilikuwa na mashine kama 60,000. Mashine moja kati ya kumi! Wenye vyuo walichomoa nyaya ili kujikinga, na kwa kufanya hivyo wakajikatia njia ya kupata ushauri, maana ushauri ulikuwa unakuja kwa barua pepe. Rafiki yake Morris alituma usiku uleule ujumbe wa kuomba radhi na kueleza jinsi ya kuzuia mnyoo. Ujumbe ulichelewa sana kufika. Posta ilikuwa imezimwa.

Hapa naomba nieleze jambo ambalo vitabu vingi vinalipita haraka. Watu wanasema mnyoo ule uliingia kwa sababu ya kosa katika programu. Kwa finger ni kweli, lile lilikuwa kosa. Lakini DEBUG haikuwa kosa kwa maana hiyo. Ilifanya sawasawa ilichotengenezwa kufanya. Ilikuwa kifaa cha fundi kilichoachwa sebuleni, na mimi nadhani hilo ni baya zaidi, kwa sababu kosa ukilipata unaliziba, lakini kifaa chenye manufaa kila mtu anakitetea. Hata leo ukimwambia fundi azime dibagi atakujibu, ngoja kwanza nimalize.

Mwezi uleule wa Novemba 1988, serikali ya Marekani ikagharimia kituo cha kushughulikia dharura za namna hii, CERT, kwenye Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Morris alishtakiwa kwa sheria ya udanganyifu wa kompyuta ya 1986, akawa wa kwanza kupatikana na hatia na baraza la wazee wa mahakama chini ya sheria hiyo. Mwaka 1990 alihukumiwa miaka mitatu ya uangalizi, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Hakufungwa. Baadaye akawa profesa palepale MIT alipoanzishia mnyoo. Huku watu wanapenda hadithi za namna hii. Pale kwetu nadhani mzee mmoja angeuliza kwanza mtoto wa nani. Jibu ni kwamba baba yake alikuwa mtaalamu mkubwa wa usalama wa kompyuta katika shirika la ujasusi la NSA. Haya, malizieni wenyewe.

Mngedhani Sendmail ingejifunza. Mwaka 2001, miaka 13 baadaye, likagundulika tundu jingine, tena palepale penye dibagi. Safari hii lilikuwa kwenye kigezo cha -d ambacho fundi hukiandika anapoiwasha programu ili kuchagua sehemu gani izungumze na kwa sauti kiasi gani. Ukiipa namba kubwa mno, programu iliisoma kama namba hasi, ikaenda kuandika mahali pasipo pake kwenye kumbukumbu ya mashine. Mtu wa kawaida mwenye nafasi kwenye mashine hiyo angeweza kujifanya mkuu wa mashine. Matoleo kuanzia 8.10.0 hadi 8.11.5 yote yalikuwa nalo.

Wakati huo wengine walikwishachoka na kutengeneza zao. Philip Hazel wa Chuo Kikuu cha Cambridge alianza Exim mwaka 1995, na logi yake ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa sababu mtu asiyejua kitu anaweza kuisoma: mshale unaoingia ni barua iliyopokelewa, mshale unaotoka ni barua iliyofikishwa, alama mbili za sawasawa ni barua inayosubiri, nyota mbili ni barua iliyoshindikana. Wietse Venema, Mholanzi aliyekuwa IBM, alitoa Postfix mwishoni mwa 1998. Ndani yake kuna jambo la busara: unaweza kuitaja seva moja tu unayoishuku, ikaandikiwa dibagi peke yake, na wengine wote wakaandikiwa kama kawaida. Mlinzi anaambiwa, yule mzee wa kofia nyekundu akija mwandike kila kitu, wengine waache wapite.

Sasa tuje kwenye vichujio vyenyewe, maana mpaka hapa mlinzi alikuwa anaandika tu, hachagui.

Barua taka ya kwanza inayokumbukwa ilitumwa Mei 1978 na mtu wa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya DEC, Gary Thuerk, kwa watu karibu 400 wa ARPANET. Lakini iliyofungua bomba ilikuja Aprili 1994, na hii inatuhusu: mawakili wawili wa Arizona, mume na mke, Canter na Siegel, walibandika tangazo kwenye makundi ya Usenet zaidi ya 5,000 wakiuza huduma ya kujaza fomu za bahati nasibu ya green card. Ndiyo, ileile. Fomu ambayo haikuwa na gharama yoyote kuijaza. Wale jamaa wa Kariakoo waliokuwa wanaweka mabango ya green card miaka ile walikuwa na wajomba zao Arizona.

Kichujio cha kwanza kupendwa na watu wengi kilikuwa Procmail, kilichoandikwa mwaka 1990 na Stephen van den Berg akiwa Aachen, Ujerumani. Kilikuwa na tabia ya bubu. Usipokipa jina la faili kwenye LOGFILE, hakikuwa na daftari lako la kuandika. Ukitaka kujua kwa nini barua fulani imepelekwa pale, unaandika VERBOSE=yes, nacho kinakwambia kila kanuni iliyojaribiwa, hii imelingana, hii haikulingana. Watu wengi hawakuandika. Waliandika kanuni inayotupa barua kwenye shimo lisilo na chini, /dev/null, na shimo halina daftari. Barua ngapi za ajira, za misiba, za mahari zimezama humo, hazihesabiki.

Mabadiliko makubwa yalikuja Aprili 2001, Justin Mason alipotoa SpamAssassin, akianzia kwenye kazi ya mtu mwingine, Mark Jeftovic, ya 1997. Yeye hakutaka mlinzi wa ndiyo au hapana. Kila dalili ina pointi zake, zinajumlishwa, zikifika 5 barua inahesabiwa taka. Na muhimu kuliko vyote, mlinzi anatoa sababu. Majina ya vipimo vyote vilivyogonga yanaandikwa kwenye kichwa cha barua yenyewe. Mwaka uliofuata Paul Graham akaandika makala yake maarufu ya kufundisha kichujio kwa hesabu za uwezekano, na hesabu hizo zikaingizwa humo. Graham huyu ni rafiki na mshirika wa biashara wa Robert Morris, mwenye mnyoo. Dunia ndogo, wakubwa.

Mfumo wa pointi ulikuwa na hatari zake. Mtu mmoja aliandika kanuni ya kunasa barua zenye tarehe ya mbali sana mbele, kwa sababu watuma taka walikuwa wanaweka tarehe za uongo ili barua zao zikae juu kwenye orodha. Kanuni ilisema: mwaka wowote kuanzia 2010 ni wa uongo. Ilipoandikwa ilikuwa sawa. Tarehe 1 Januari 2010 dunia nzima ikaamka na barua zote halali zina pointi 2 hadi 3 na ushee za bure. Waliosoma logi zao asubuhi ile waliona jina moja likijirudia kila mstari, FH_DATE_PAST_20XX, na marekebisho yakatolewa siku hiyohiyo. Kilichouma ni kwamba kanuni ilikwisharekebishwa kwenye toleo lililokuwa linaandaliwa, ila hakuna aliyeisukuma kwa watumiaji wa toleo la zamani.

Na sasa Kiswahili.

Mmoja wa wateja wetu ni asasi ndogo inayochangia zahanati mbili Kusini mwa Tanzania. Siitaji. Kila robo mwaka karani wa kule anatuma taarifa ya matumizi, na bila taarifa fungu linalofuata halitoki: dawa hazinunuliwi, mlinzi na mhudumu hawalipwi. Robo moja taarifa haikufika. Ikatumwa tena, haikufika. Viongozi wa huku wakaanza kunong'ona yale wanayonong'ona kuhusu Waafrika na hesabu. Karani, dada mmoja makini sana, akasisitiza kwa simu kwamba ameituma Jumanne saa nne asubuhi. Aliyepokea simu akaandika kwa Kiingereza: saa kumi alfajiri, maana alisikia nne akaandika nne.

Mwenzangu wa zamu, Mwingereza, akafungua logi ya Jumanne saa kumi alfajiri. Hakuna kitu. Akafunga tiketi: haikutumwa.

Tiketi ikapita mbele yangu. Nikaona neno zahanati, nikaona jina la wilaya, nikaifungua. Saa nne asubuhi ya kwetu ni 10:00, na kwa kuwa ilikuwa kipupwe, ni 07:00 kwenye daftari la huku. Barua ilikuwepo. Imepokelewa, imepekuliwa, imewekwa karantini, pointi 6 na kidogo. Lakini kwa nini? Kichujio chetu kilikuwa amavis, ambacho kinaiita SpamAssassin kwa ndani, na kiwango chake cha logi kilikuwa 0. Kwa kiwango hicho kinaandika jumla ya pointi, hakiandiki majina ya vipimo. Ni kama hakimu anasoma adhabu bila kusoma hukumu. Nikapandisha kiwango hadi 2, nikaomba karani atume tena, nikasubiri mstari utoke.

Ulipotoka nilikaa kimya. Pointi nyingine zilitokana na seva ya kule kuwa kwenye orodha nyeusi, jambo la kawaida kwa watoa huduma wengi wa kwetu. Lakini pointi 2.8 zilikuwa na jina hili: UNWANTED_LANGUAGE_BODY. Lugha isiyotakiwa. Fundi wa zamani alikuwa amewasha kipimo cha lugha na kukipangia lugha moja tu inayoruhusiwa, Kiingereza. Kipimo hicho hakisomi maneno, kinahesabu vipande vya herufi, kwa njia iliyochapishwa na Cavnar na Trenkle mwaka 1994, na kulinganisha na vielelezo vya lugha. Na Kiswahili kimo kwenye vielelezo vyake. Kina alama yake, sw. Kwa hiyo mlinzi hakuichanganya taarifa ile na Kimalai wala Kituruki. Alitambua barabara kwamba hiki ni Kiswahili, ndipo akakipa pointi.

Dawa ilikuwa herufi mbili. Palipoandikwa en nikaandika en sw, nikawasha upya, kisha nikazitoa karantini barua zote za miezi miwili, moja baada ya nyingine, huku nikiona vichwa vyake vinapita: Taarifa ya matumizi. Taarifa ya matumizi, marudio. Tafadhali thibitisha. Fungu la zahanati lilitoka wiki ile. Sijui kama kuna aliyempigia simu yule dada kumwomba radhi.

Kisha nikarudisha logi kwenye kiwango cha chini zaidi, na hapa wengine mtauliza, kwa nini usiache iandike kila kitu moja kwa moja? Sababu ya kwanza ni ya kawaida, diski hujaa, na seva ya barua yenye diski iliyojaa haipokei barua. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Dibagi ya ngazi ya juu inaweza kuandika mazungumzo yote ya seva mbili, na humo yamo majina, anwani, hata nywila zilizofichwa kwa namna ambayo mtoto wa sekondari anaifichua. Na hata logi ya kawaida, isiyo na neno la ndani ya barua, inajua nani kamwandikia nani, mara ngapi, usiku wa saa ngapi. Serikali zililiona hilo. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo mwaka 2006 kwamba kampuni za mawasiliano zitunze kumbukumbu kama hizo kati ya miezi 6 na miaka 2. Mahakama ya Umoja huo ikalifuta agizo lote tarehe 8 Aprili 2014, ikisema linaingilia mno maisha ya watu. Uingereza haikukaa kusubiri, ikatunga sheria yake Julai mwaka huohuo. Mimi ofisini natunza logi kwa muda mfupi ninaoweza kuutetea, halafu zinafutwa zenyewe.

Kwa hiyo jamani, mkiniandikia barua na nisipoijibu, msinune. Nipeni tarehe, anwani mliyotumia, na saa. Ila muwahi, kabla logi haijafutwa. Saa iandikeni ya Kiswahili tu, kuibadilisha nitaibadilisha mwenyewe.